Mhogo Wenye Kikonyo Chekundu

Perpetua wa Mvumi hana shamba kubwa, wala nyumba yake si ya kupigiwa picha, lakini kwa habari ya mihogo neno la mwisho lilikuwa lake. Mtu akitaka kupanda, anakwenda kwake kuomba pingili. Mtu akikuta shina asilolijua limeota pembeni ya shamba, anakata tawi na kumpelekea. Yeye hulipindua jani, hutazama kikonyo, kile kijiti kinachoshika jani kwenye shina, kisha hutoa hukumu. Kikonyo chekundu, mtamu: chemsha, choma, tafuna mbichi ukipenda. Kikonyo cha kijani, mchungu: tupa. Hakuwa mtu wa kufikiri mara mbili. Na mimi niliyekaa naye jirani tangu hajaolewa, kabla hajawa Mama Loveth, nakwambia, kama mihogo ingekuwa na kiti cha enzi, angekikalia na kukunja nne.

Mihogo yetu hatuiiti kwa majina ya vitabuni. Tunaiita kwa jina la aliyeileta. Kuna Goodluck, ulioletwa na kijana mmoja wa bodaboda akitokea Dumila; unakomaa haraka na kuoza haraka, na wenye ndimi mbaya wanasema umemfuata mwenyewe. Kuna Agatha, mrefu, mgumu, hauivi mpaka kuni ziishe. Na kuna Bibi Magreti, ambao Perpetua aliurithi kwa bibi yake mzaa mama: kikonyo chekundu, gamba la kahawia, nyama nyeupe, tamu. Huo ndio uliompa sifa. Binti yangu aliyesoma huniambia kwamba yote hiyo ni spishi moja, mtamu na mchungu, na hakuna mstari uliochorwa katikati. Kuna mitamu sana, kuna mitamu kiasi, kuna michungu ya kuua mtu, na shina lile lile laweza kuzidi uchungu mwaka wa jua kali. Rangi ya kikonyo, anasema, haimwambii mtu kitu cha kuaminika. Nilimsikiliza tu kwa sababu ni mwanangu. Perpetua angemcheka mpaka machozi yamtoke.

Sasa, ng'ambo ya kijito anakaa Kishiwa. Alifika na mumewe na ng'ombe wao miaka michache iliyopita wakitokea upande wa Shinyanga, na mapacha wao, Kulwa na Dotto, wakiwa bado wa kubebwa. Sisi na wafugaji tumegombana sana kwa ajili ya ng'ombe kuingia mashambani, sifichi. Lakini Kishiwa mwenyewe ni mtu wa jembe. Mumewe akienda na ng'ombe malishoni anaweza kukaa wiki nyingi, na huku nyumbani mama huyo analima peke yake kama watu wanne. Tulimsalimia, tukamwita Mama Kulwa, na basi. Kumzoea hatukumzoea.

Msimu wa juzi nguruwe pori na nyani walitutia adabu. Walifukua mihogo ya Perpetua usiku na mchana, wakaacha mashimo. Ya Kishiwa, ukiacha mashimo machache upande wa kijito, hawakuigusa. Perpetua akavuka kijito kwenda kuona mwenyewe, akamkuta mwenzake anapalilia.

"Mama Kulwa, hawa nguruwe umewapa nini?"

"Sijawapa kitu, Mama Loveth. Hawaupendi. Mhogo huu mchungu. Sisi tunaumenya, tunauloweka mpaka uchachuke, tunauanika, ndipo tunatwanga udaga wa ugali. Ukiula hivi hivi utakudhuru."

Perpetua alishika jani, akaligeuza. Kikonyo kilikuwa chekundu kabisa.

"Huu ndio mchungu? Wenye kikonyo hiki?" Akacheka. "Ninyi Wasukuma kila kisichotiwa maziwa kwenu ni kichungu. Hao nguruwe wanaogopa ng'ombe wenu tu. Nikatie pingili."

"Nitakukatia. Lakini nimekwambia."

"Nimesikia, mama."

Kishiwa alimkatia mzigo mzima, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akamsindikiza hadi kijitoni. Pale akarudia: "Mbichi usimpe mtu." Perpetua akamjibu kwa mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi, akaenda zake.

Alipofika nyumbani hakuupa mhogo ule jina la Kishiwa, kama ilivyo desturi yetu. Alisema ni Bibi Magreti uliopotea njia ukafika Usukumani na sasa umerudi. Akaupanda katikati ya ule wa bibi yake, wala hakuutengea safu. Mvua ziliponyesha alifukua kizizi kimoja kichanga, akakitafuna, hakusikia uchungu wa maana. Hapo akajipa alama zote.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilitupa kisogo. Mihogo ikabaki ardhini imesinyaa, majani yakajikunja. Ndipo alipokuja Yohana.

Yohana ni mdogo wake Perpetua, kitinda mimba wa kwao, anakaa Mikumi. Kazi yake ni kuuza mihogo mibichi, nazi na karanga pale malori yanapoegesha. Ana mdomo wa biashara. Humwendea dereva aliyechoka, anamwinamia sikioni, anamwambia, "Mzee baba, hii inarudisha heshima ya nyumba," na mzee baba anacheka na kutoa chenji. Na akiulizwa mhogo umetoka wapi, jibu ni moja: "Kalima dada yangu, Mvumi. Dada yangu kwa mihogo hakosei." Safari hiyo Perpetua alimchimbia mwenyewe, akamjazia viroba, akamwombea gari jema.

Asubuhi iliyofuata dereva wa kwanza aliuma kipande, akatema. "Kijana, leo unauza shubiri?" Wa pili naye akatema. Wa tatu aliyekuwa akisogea akageuza njia. Yohana alichukia. Angeweza kutupa sinia lote mtaroni na siku ikaisha. Badala yake alichukua mhogo mzima, mnene, akaumenya mbele yao, akaula mpaka mwisho huku akitabasamu, kisha akaongeza wa pili ili wasiseme amejikaza. Haikufika adhuhuri akaanza kutapika. Kichwa kikazunguka, miguu ikamkatika, akaanguka kando ya tairi la lori. Wauza machungwa ndio waliompakia kwenye bodaboda na kumkimbiza hospitali.

Perpetua alipigiwa simu, akaondoka na kanga aliyokuwa amejifunga shambani. Alimkuta mdogo wake ana dripu mkononi, midomo imepauka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Ni nini umekula?"

"Mhogo wako. Walisema mchungu. Na mimi niliusikia mchungu, dada, nakwambia ukweli. Nikasema ulimi wangu ndio mbovu, dada hawezi kukosea." Akapumzika kidogo. "Ni ule ule Bibi Magreti?"

Perpetua aliona aibu mpaka akashika ukingo wa kitanda. Akilini alimwona Kishiwa pale kijitoni, akajisikia mwenyewe alivyocheka shambani. Na huyu mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa amekula sumu ili kumlinda yeye asionekane amekosea. Ilibaki kusema tu. Muuguzi alikuwa amesimama pale, na mgonjwa wa kitanda cha pili amegeuka kusikiliza.

"Si Bibi Magreti," alisema. "Ni mbegu ya yule Msukuma wa ng'ambo, Mama Kulwa. Imechanganyika."

Imechanganyika! Utadhani pingili zilivuka kijito kwa miguu yao, zikajichimbia mashimo. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na kwa jumla yake lilikuwa uongo mtupu. Mhogo ule ulipokuwa mzuri ulikuwa wa bibi yake. Siku ulipomlaza mtu hospitali ukageuka kuwa wa Kishiwa.

Yohana akapiga simu kwa rafiki zake. Perpetua alipokuwa bado ndani ya basi, hata Magomeni ya Kilosa hajafika, Mvumi nzima ilishajua kwamba Msukuma ametoa mhogo wa sumu. Aliposhuka walimpokea kwa pole. Pole, Perpetua. Pole, mwenzetu, umeponea chupuchupu. Hakuna aliyemuuliza kama alionywa, naye hakusema. Alisema "ahsante" kwa kila mtu, na kila alipoisema ilikuwa vigumu zaidi kusema lile lingine. Mimi mwenyewe nilimpelekea unga nikamkuta amekaa jikoni moto umezimika, anatazama ukuta. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Huku bombani wanawake walianza kuwarudisha mapacha wa Kishiwa nyuma ya foleni, ndoo zao zikasukumwa kwa mguu. Mtu mmoja akawaambia watoto wake wasichezee upande ule. Perpetua aliyaona hayo kwa macho yake, akateka maji yake, akaondoka. Njiani alikuwa anajisemea kwa sauti, watu wakamwona.

Halafu Kishiwa akaja kutoa pole. Alivuka kijito na kibuyu cha maziwa, akatukuta tumejaa uani.

"Nimesikia mgonjwa. Pole, Mama Loveth. Maziwa haya ni ya Yohana akirudi."

"Ahsante," Perpetua alisema, macho chini.

Kishiwa alisimama. Hakuwa anangoja kukaribishwa kiti. Nilimwona anamtazama mwenzake usoni, anangoja kitu. Perpetua alianza kufuta vumbi kwenye kanga yake pasipokuwa na vumbi. Basi Kishiwa akaweka kibuyu chini, akaaga, akaondoka. Maziwa yale Perpetua hakuthubutu kuyanywa wala kuyamwaga. Yalikaa pale pembeni ya mlango mpaka yakaganda, na kila alipopita akayakwepa.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu, Donati, si mtu mbaya. Anapenda amani kiasi kwamba yuko tayari kuinunua wakati wowote kwa mali ya mtu mwingine. Vijana walipoanza kusema watakwenda kufyeka shamba lote la Kishiwa, yeye aliitisha mkutano, akaja na suluhu yake: mihogo michungu ing'olewe, mitamu iachwe, na wa kuitenganisha awe Perpetua, kwa kuwa ndiye ajuaye.

"Hicho ndicho chakula changu mpaka mavuno," Kishiwa alisema. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe, hakuna aliyesimama upande wake. "Huo mchungu ndio tunaokula sisi. Haujawahi kumdhuru mtoto wangu, kwa sababu najua kuuandaa."

"Mama Kulwa, tuelewe. Ni kwa usalama wa wote."

Donati akamgeukia Perpetua. Watu wote wakamgeukia. Ilikuwa nafasi ya wazi kabisa, mlango umefunguliwa na kiti kimewekwa. Perpetua akaitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekusudia kusema hapana, shingo ikamtangulia. Nilimwambia asiisingizie shingo.

Asubuhi tulivuka kijito. Yohana naye alikuja, ameruhusiwa, amekonda, anatembea kama mtu aliyetoka kwenye boti. Vijana walikuwa na majembe. Kishiwa alisimama kwenye tuta na binti zake, kila mmoja amemshika upande wake wa kanga.

Perpetua aliingia shambani. Akashika jani la kwanza, akaligeuza: kikonyo chekundu. La pili: chekundu. Akavuka matuta, akarudi. Shamba zima lilikuwa na vikonyo vyekundu, hapa vimekoza, hapa vimefifia, na katikati yake kila rangi ambayo mtu angeweza kuikatia shauri huku au kule. Jani hili jembamba kidogo, lile pana kidogo. Jasho lilimtoka ingawa jua lilikuwa bado. Tulikuwa tunamngoja. Mwisho akanyoosha mkono kwenye safu ya upande wa kijito.

"Huu."

Jembe likapigwa, shina likang'oka na mihogo yake.

"Na huu. Na huu hapa."

Alikuwa anaonyesha tu. Vijana waling'oa safu karibu yote, na kila shina lilipoanguka yeye aliruka kidogo kama aliyeguswa na moto. Kishiwa aliinama, akaokota mhogo mmoja, akautoa gamba kwa kisu chake, akauvunja, akatia kipande mdomoni, akatafuna na kumeza mbele yetu. Kipande kingine akampa Donati.

Donati alitafuna kwa woga, halafu bila woga. "Mtamu," akasema. "Mtamu kabisa huu."

"Huo alinipa Mama Loveth mwenyewe," Kishiwa alisema. "Mwaka tuliofika, nilipokuwa sina kitu cha kuwapa hawa watoto. Safu hii yote ni ya pingili zake. Nimeitunza kwa ajili yao, ndiyo wanayotafuna wakitoka shule. Michungu ni ile ya kule juu."

Perpetua alikuwa ameshindwa kuutambua mhogo wa bibi yake.

Kijana mmoja akacheka. Donati akasema, "Perpetua, mbona unatuchanganya?" Hapo tena palikuwa na pa kujificha: jua, uchovu, ugonjwa wa mdogo wake. Na Yohana ndiye aliyempa hicho kichaka. Alijisogeza mbele na ile miguu yake isiyo imara.

"Mwacheni dada apumue," akasema. "Hajalala tangu niugue. Akitulia ataanza upya, ataitofautisha. Dada hakosei huyu."

Ilimchoma kuliko kicheko. Niliona uso wake unavyovunjika.

"Siwezi kuitofautisha," alisema.

"Unasemaje?"

"Aliniambia." Sauti ilikuwa ndogo, ilifika kwa sisi wa karibu tu.

"Pandisha sauti, Mama Loveth," Kishiwa alisema. "Siku uliyonitaja ulikuwa Mikumi, na hapa walikusikia."

Basi akapandisha. "Aliniambia ni mchungu! Aliniambia shambani, akaniambia tena pale kijitoni, mbichi nisimpe mtu. Mimi nikamcheka. Nikaupanda mwenyewe katikati ya wangu, nikamchimbia mdogo wangu kwa mkono huu. Mama Kulwa hana kosa. Mimi nilijua tangu hospitali, nikanyamaza, nikawaacha mkawasukuma watoto wake bombani. Nimewaacha mpaka leo."

Yohana alikuwa bado amenyoosha mkono wa kumtetea. Aliushusha.

"Pale kitandani nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Wale madereva hawakujui, dada. Walitema. Mimi nakujua, nikameza." Hakusema kwa hasira; afadhali angesema kwa hasira. Akaketi kwenye tuta, akaanza kutazama upande wa barabara.

Vijana waliegemea majembe yao. Donati akakohoa, akasema kwamba basi shauri limekwisha, turudi nyumbani, kana kwamba safu ile ingejipanda yenyewe nyuma yetu. Hakuna aliyeondoka. Na mimi nilisimama pale nikiwa nimechukia wote, mwenyekiti, vijana, na zaidi huyu jirani yangu, na huku nikimwonea huruma.

Perpetua alimsogelea Kishiwa. "Mama Kulwa, nitakulipa. Nenda shambani kwangu, chukua ile mitamu, safu unayoitaka, uwape watoto."

"Safu ipi?" Kishiwa aliuliza.

Perpetua aligeuka kutazama ng'ambo. Shamba lake linaonekana kutoka pale, mteremko mzima, ule wa bibi yake na ule wa Kishiwa umesimama pamoja, vikonyo vyekundu juu hadi chini.

Kishiwa hakumngoja. Alitandika kanga yake chini, akaanza kukusanya mihogo iliyong'olewa kabla jua halijaichoma, na mapacha wakamsaidia, huyu upande huu, yule upande ule. Perpetua naye akapiga magoti kwenye udongo. Akaokota mmoja, akaokota wa pili, akaipangusa kwa kiganja.

"Acha, Mama Loveth," Kishiwa alisema kwa upole, bila kuinua kichwa. "Usije ukanichanganyia."

Perpetua akairudisha chini pale alipoiokota, akainuka, akaja kusimama na sisi.